Fanani Hakuwa Mmoja: Hard Blasters na Historia Tuliyoiandika Nusu

Kuna swali ambalo likitupwa kwenye semina zetu za fasihi darasa zima huamka, hata kama ni saa nane mchana na jua la Mwanza linawaka: je, bongo fleva ni fasihi? Wapo wanaosema ni fasihi simulizi ya vijana wa mjini. Wapo wanaosema ni makelele ya Marekani yaliyovishwa kanga. Makala haya hayataki kurudia ubishi huo. Nakusudia kuonyesha kwamba hata sisi tunaoutetea muziki huu tumeiandika historia yake nusu. Tumehakiki watu, tukayaacha makundi. Mfano wangu ni Hard Blasters wa Dar es Salaam, kundi ambalo wengi wetu tunalijua kama daraja alilopitia Professor Jay, basi.

Tuanze na mazingira, maana kazi ya sanaa haianguki kutoka mbinguni. Rapu iliingia nchini katika miaka ya 1980 kwa kaseti na kanda za video kutoka ng'ambo, na vijana walianza kwa kukariri Kiingereza cha watu. Mwaka 1991 Saleh Jabri akauchukua wimbo wa Vanilla Ice, "Ice Ice Baby", akautia maneno ya Kiswahili. Mwaka 1993 makundi kadhaa ya Dar es Salaam yakaungana na kuwa Kwanza Unit. Mwaka 1994 ikaja Radio One, na kwa mara ya kwanza kijana wa Bara akawa na pa kupeleka wimbo wake nje ya Redio Tanzania. Mwaka 1995 II Proud, ambaye leo tunamwita Sugu, akatoa albamu ya Ni Mimi. Hayo yote ndani ya miaka mitano tu.

Katika joto hilo ndipo Hard Blasters walipojitengenezea jina. Joseph Haule, wakati huo akijiita Nigga Jay, alijiunga na kundi mwaka 1994. Wenzake waliojulikana zaidi ni Fanani na Big Willy. Mwaka 1995 kundi likatunukiwa ushindi wa kundi bora la hip hop nchini. Albamu yao, Funga Kazi, ilitoka mwaka 2000, ikitengenezwa na P-Funk Majani wa Bongo Records, na ndani yake mlikuwa na "Chemsha Bongo", wimbo ambao hata wazee waliokuwa wakiiita rapu uhuni waliusikiliza hadi mwisho.

Msomaji, ziangalie tarehe hizo vizuri. Tuzo ni ya 1995, albamu ni ya 2000. Tuzo imeitangulia albamu kwa miaka mitano! Kwa mtu aliyelelewa na vitabu, mambo yamekaa kichwa chini miguu juu: unamtuzaje mwandishi kabla hajachapisha? Kwa mtu wa fasihi simulizi hakuna cha ajabu. Utendaji hutangulia maandishi. Kundi lilikuwa limekwisha kujulikana na hadhira yake kabla ya albamu kuingia dukani, na albamu ilikuja kuweka muhuri.

Linganisha na Uskochi. Mwaka 2014 kundi la Young Fathers kutoka mji wa Edinburgh lilishinda tuzo ya Mercury ya Uingereza kwa albamu yao Dead. Nao ni watu watatu, nao wanachanganya rapu na pop, na mmoja wao alizaliwa Liberia. Lakini tuzo ile ilipewa albamu, kitu kinachokamatika mkononi, chenye jina la kundi juu ya jalada. Jalada hilo linalinda kumbukumbu. Mhakiki wa Edinburgh akitaka kuandika habari zao ataanza na kundi, atake asitake. Hard Blasters walituzwa wakati hawana jalada. Walipolipata, kundi lilikuwa linaelekea ukingoni, na mwaka uliofuata mmoja wao akatoa albamu ya peke yake.

Hapa niseme habari ya kwetu. Mimi nakaa Buzuruga. Ukipanda daladala ya kwenda Kisesa, si mbali utafika Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, mwezi wa sita, kuna sherehe ya Bulabo, na humo vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kama vilivyoshindana tangu enzi za mababu. Ushindi wao hauhitaji jopo la majaji: anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Kila upande una manju wake, na jina lake linajulikana sana tu. Ila ukimuuliza mzee pale nani ameshinda, hatakutajia manju. Atakwambia Bagika, au Bagalu. Manju bila waitikiaji ni mtu anayepiga kelele uwanjani peke yake.

Naona Hard Blasters kwa jicho hilo. Tena jamani, mmoja wao alijiita Fanani! Kila aliyesoma fasihi sekondari amekaririshwa kwamba fasihi simulizi ina fanani na hadhira. Kijana mmoja akalichukua neno la darasani akalifanya jina la jukwaani, sisi wanafunzi wa fasihi tukalipita kama hatujaliona. Tuna tasnifu na makala juu ya Professor Jay. Juu ya Fanani tuna nini? Juu ya Big Willy je?

Sisemi kwamba Jay hakustahili sifa. Albamu yake ya kwanza ya pekee, Machozi, Jasho na Damu, ya mwaka 2001, ndiyo yenye "Ndio Mzee", na sijaona kejeli ya kisiasa katika Kiswahili cha karibuni iliyosambaa kuishinda ile. Mgombea anapanda jukwaani, anamwaga ahadi zinazozidi kukua, na umati unamwitikia. Lakini tazama fani yake. Ucheshi hautoki kwa mgombea peke yake, unatoka kwenye mwitikio. Ukiwaondoa wananchi wanaokubali kila kitu, unabaki na hotuba ya kampeni kama zile tulizozizoea. Ndiyo maana nasema "Ndio Mzee" ni wimbo wa kundi ulioimbwa na mtu aliyeachana na kundi. Jay aliondoka Hard Blasters, ila mfumo wa sauti nyingi alioujua tangu 1994 aliondoka nao. Mwaka 2015 aliyeimba mgombea akawa mgombea kweli, akachaguliwa mbunge wa Mikumi hadi 2020. Wachambuzi wameikamata kejeli hiyo ya maisha, ila kejeli ya fani wameiacha.

Najua nitapingwa, na hoja ya kunipinga iko hapahapa Mwanza. Wataniuliza: mbona Fid Q, kijana wa Mwanza, ni mmoja na hana kundi, na ushairi wake umekomaa kuliko wa makundi mengi? Kweli kabisa. Albamu yake ya Vina Mwanzo, Kati na Mwisho imebeba mabishano ya ushairi wetu kwenye jina lenyewe. Ni kama anawajibu wanamapokeo walioshika sheria za Amri Abedi za mwaka 1954, na papo hapo anamkonyeza Kezilahabi wa Ukerewe, ng'ambo ya maji tu hapo, aliyevitupilia mbali vina katika Kichomi mwaka 1974. Lakini jiulize kwa nini Fid Q ni rahisi kwetu kumhakiki. Ni kwa sababu anafanana na mshairi wa kitabuni: jina moja, sauti moja, diwani moja. Tunakichagua kinachofanana na silabasi, halafu tunaita uchaguzi huo historia.

Hasara yake si ya nadharia tu. Karibu na stendi ya Buzuruga kuna fundi redio mwenye boksi la kaseti za miaka ile. Mimi nimezaliwa baada ya Funga Kazi kutoka, kwa hiyo zile kaseti kwangu ni kama miswada ya kale. Nyingine utepe umeshikamana, nyingine karatasi ya jalada imeliwa na unyevu wa ziwa, na jalada likienda yamekwenda na majina ya walioimba. Kinachobaki ni sauti. Unasikia ubeti wa pili ni wa mtu mwingine, tena pengine ndio ubeti mzuri kuliko wote, na hakuna pa kuuliza ni wa nani. Makundi yaliyofuata nayo yamepita njia hiyohiyo: TMK Wanaume walipogawanyika mwaka 2006, mazungumzo yote yakawa fulani kaenda upande gani, na zile nyimbo walizotunga pamoja zikabaki yatima.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Katika zoezi la kunukuu matini za fasihi simulizi tunalopewa, kila mwanafunzi achukue kaseti moja ya kundi, si ya msanii wa pekee, na anapoandika maneno aandike pia kila ubeti ni wa sauti ya nani, nani kaitikia na nani katengeneza mdundo. Waliohusika wengi bado wapo hai na wanapigiwa simu. Mimi naanza na Funga Kazi. Anayejua fundi mwenye redio kaseti isiyomeza utepe, anitafute.