Kabla ya kutuma avansi: funzo la ziwa Tanganyika kwa mnunuzi wa leo

Picha ya pikipiki inapita kwenye kikundi cha WhatsApp. Matairi ni mazuri na bei iko chini kuliko ile ya Uvira. Muuzaji hajulikani. Anasema yuko Bujumbura ao Goma, na anaomba avansi itumwe leo, kwani kuna wengine wanaoitaka. Mkaaji wa Makobola aliyeweka pembeni faida ya ndagala ya miezi mingi anashika telefone na kuanza kuwaza. Akituma, feza itafika kwa dakika moja. Kuirudisha ni kazi nyingine.

Hofu hiyo si ya leo. Kwenye ziwa hili watu wananunua kwa wageni tangu zaidi ya miaka 150, na wazee walikuwa na njia zao za kujilinda.

Mwezi wa Aprili 1858, Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Burton aliandika kwamba Uvira ilikuwa kituo kikubwa cha biashara upande wa kaskazini. Huko watu walifuata pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Watumwa pia waliuzwa hapo, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa mbali, wenye lugha na desturi tofauti.

Walilipana namna gani? Edward Hore, mmisionari aliyefika Ujiji mwaka 1878, alieleza soko la huko. Feza yao ilikuwa shanga. Uzi mmoja ulikuwa na shanga 20, na nyuzi 10 ziliitwa fundo. Wabadilishaji, kama vile kambisti wa leo, walikaa sokoni na mifuko yao. Mwenye kitambaa cha yadi 4 alipewa kati ya fundo 9 na 11, kulingana na hali ya soko. Shanga zilihesabiwa mbele ya macho ya wote, na mali na malipo vilikutana mahali pamoja.

Biashara ilipovuka ziwa, watu walitafuta dhamana nyingine: udugu wa damu. Mfanyabiashara mgeni alichanjana na mwenyeji, kisha mwenyeji huyo akawa mtu wa kuulizwa mambo yakiharibika. Kwa hiyo mgeni hakubaki mgeni tu. Alikuwa na mtu anayejulikana nyuma yake.

Kilichompata mwenye kukosa dhamana hiyo kinaonekana wazi katika habari ya David Livingstone. Akiwa mbali, upande wa Maniema, mali yake ilinunuliwa Zanzibar na kutumwa Ujiji chini ya mkono wa fundi cherehani aliyeitwa Sherifu. Livingstone aliporudi Ujiji, Oktoba 1871, alikuta Sherifu amekwisha kuuza vyote, akidai kwamba mwenye mali amekufa. Kati ya yadi 3000 za kitambaa na ratili 700 za shanga, hakukubaki hata kipande. Livingstone aliandika kwamba amekuwa kama maskini wa kuomba. Kilichomwokoa ni Stanley, aliyefika siku chache baadaye na mali yake mwenyewe. Mwezi uleule wa Novemba, wawili hao wakapanda mtumbwi kuja kuona mto Rusizi.

Kosa lilikuwa wapi? Mali ilikuwa imelipwa, lakini hapo Ujiji hapakuwa na mtu wa Livingstone wa kumzuia Sherifu. Avansi ya telefone inaanguka katika shimo hilohilo.

Miaka ikapita, na feza yenyewe ikaanza kuogopwa. Desemba 1992, serkali ya Mobutu ilitoa noti ya zaire milioni 5. Tshisekedi aliikataa, wafanyabiashara nao wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo wakaasi na kupora Kinshasa. Hadi leo dola iliyopasuka kidogo inarudishwa kwa mwenyewe. Kisha vita ya 1996 ikawatawanya watu, wengi wakavuka hadi Nyarugusu, Tanzania. Feza ya jamaa ilipitia mikononi mwa watu: dereva, mfanyabiashara, mtu wa mtumbwi. Ilichelewa, lakini aliyeibeba alikuwa na jina na nyumba.

Mwaka 2012 makampuni ya telefone yalileta M-Pesa na Airtel Money Kongo. Safari ya siku mbili ikawa ya dakika. Lakini yule mtu wa katikati akatoweka, na matapeli wakaona mlango wazi. Hata makampuni makubwa yalijifunza hivyo. Mwaka 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 huko Marekani kwa sababu matapeli walikuwa wametumia njia zake. China ilifanya kama wazee wa ziwa: Alipay, iliyoanza mwaka 2004, ilishika feza ya mnunuzi na kumpa muuzaji tu baada ya mnunuzi kusema mali imefika.

Hapa kwetu, mnunuzi anaweza kumrudisha mtu wa katikati yeye mwenyewe. Kama muuzaji yuko Bujumbura ao Goma, ndugu ao komisioneri anayejulikana huko aende kuona kitu, akijaribu, na alipe hapohapo. Komisioni yake ipewe baada ya kazi. Kama muuzaji yuko karibu, wakutane mchana, mahali penye watu. Pikipiki iangaliwe pamoja na karte roze, na namba za chuma zilingane na karatasi. Telefone ipigwe *#06#, namba inayotokea ilingane na ya kwenye karto, na akaunti ya mwenye zamani iwe imeondolewa. Wote wawili waandike karatasi na kutia sahihi mbele ya shahidi.

Muuzaji naye asitoe mali kwa sababu ya mesaji tu, kwani mesaji inaweza kuwa ya uongo. Aangalie salio lake mwenyewe. Na namba ya siri haipewi mtu yeyote, hata anayesema yeye ni wa kampuni.

Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukataa ndugu yako aje kuona pikipiki. Akikataa, na akaendelea kudai avansi, feza ya ndagala ibaki nyumbani.