Mhindi wa Kasulu

Katika Kiswahili kuna swali fupi ambalo huulizwa kwa wema na kwa ubaya kwa maneno yaleyale: kwenu ni wapi? Mgeni akiulizwa hivyo huku anasogezewa kiti, huo huwa mwanzo wa udugu. Akiulizwa mbele ya meza ya ofisi huku kalamu imesimama juu ya fomu, huo huwa mwanzo wa mashaka. Mimi nimeulizwa kwa namna zote mbili, na jibu langu limekuwa lilelile siku zote: kwetu Kasulu. Wapo wanaocheka wakilisikia. Huniangalia usoni, huangalia nywele zangu, kisha huuliza tena kwa sauti ya upole, kana kwamba sikulielewa swali: "Hapana dada, kwenu hasa?"

Nimelifikiria sana neno hilo "hasa". Katika kurasa hizi nataka kulijibu, si kwa ubishi, bali kwa kusimulia habari za wanawake walionitangulia.

Vitabu vya historia vinawataja wanaume wa Kihindi waliofungua biashara za bara. Vinamtaja Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, na Allidina Visram, ambaye maduka yake yalienea mpaka Uganda. Vinaeleza jinsi misafara ya pembe na vitambaa ilivyopata mali yake kutoka kwa watu kama hao. Wanawake wao hawatajwi. Kwa hakika, mwanzoni walikuwa wachache, kwa kuwa wanaume wengi walitangulia peke yao na kuacha wake zao India. Mwanamke aliitwa baadaye, duka likishasimama.

Uha ilifikiwa kwa reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na muda si mrefu vita ikaanza. Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 na kuitawala pamoja na Uha mpaka mwaka 1921, ndipo Waingereza walipokabidhiwa. Wafanyabiashara walifuata reli, kisha wakafuata barabara iliyopanda kutoka ziwani kwenda Kasulu na Kibondo. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Bibi alimfuata katika miaka ya thelathini, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Kutch, magharibi ya India. Alipanda meli Bombay, akashuka Dar es Salaam, akapanda treni kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200, akamalizia juu ya magunia ndani ya lori. Mume wake alikuwa amemwona siku za arusi tu. Alisema kwamba kitu cha kwanza kilichomshangaza Kasulu kilikuwa ni baridi. Alikuwa ameambiwa kwamba Afrika ni joto.

Duka lao liliuza kaniki, amerikani, khanga, majembe, mafuta ya taa, na chumvi ya Uvinza. Lilinunua nta, asali na maharage. Wanaume wa Kiha walikuwa wakienda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine walikaa huko miaka. Waliobaki nyumbani ni wanawake, na hao ndio waliokuwa wateja wa bibi. Kwao alijifunza kusema "Mwakeye" kila asubuhi kabla hajajua Kiswahili cha kutosha kuuliza bei. Aliniambia kwamba walielewana upesi kwa sababu walikuwa na jambo moja sawa: wote walikuwa wakingoja barua. Wao walingoja ya Tanga, yeye alingoja ya Kutch.

Hata hivyo, sitaki kuipamba habari hii. Mwanamke yule wa Kiha na bibi yangu hawakuwa sawa mbele ya sheria. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa ngazi tatu, Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini, na shule, hospitali na mishahara ikafuata ngazi hizo. Kulikuwa hata na sheria iliyomzuia Mwafrika kukopeshwa na mtu asiye Mwafrika isipokuwa kwa kibali, na kwa hiyo mfanyabiashara Mwafrika alifungwa mikono kabla hajaanza. Mhindi alifaidi nafasi hiyo ya kati. Waliomchukia hawakuwa na wivu mtupu. Walikuwa wanaona mizani, na walijua ni nani aliyeishika. Bibi mwenyewe alikuwa akisema kwamba anayekaa katikati ya ngazi hupigwa na waliopo juu na waliopo chini, lakini na yeye pia hukanyaga.

Mwaka 1952 Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, aliwashauri wanawake wa Kiismaili wa Afrika Mashariki waache mavazi ya Kihindi na kuvaa gauni. Bibi alitii. Alishona gauni, na kwa kuwa asubuhi za Kasulu zina baridi, alijifunga khanga juu yake. Basi mwanamke aliyefika akiwa amevaa kama watu wa Kutch alionekana sasa nusu Mzungu kwa gauni na nusu Mswahili kwa khanga. Wageni walimwona kichekesho. Mimi nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo mabibi wote wanavyovaa.

Hapa yafaa nimtaje mwanamke mwingine, ambaye bibi hakumwona hata siku moja lakini alimtaja mara kwa mara. Huyo ni Sophia Mustafa. Alizaliwa India mwaka 1922, akakulia Kenya, na mwaka 1948 akahamia Arusha na mume wake, mwanasheria Abdulla Mustafa, ambaye baadaye alikuwa jaji. Mwaka 1958 ulipofika uchaguzi wa kura tatu, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU iliuchukia mpango huo, lakini katika mkutano wake wa Tabora wa Januari mwaka huo iliamua kushiriki na kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na siasa yake. Sophia Mustafa alisimama katika Jimbo la Kaskazini akiungwa mkono na TANU, akashinda. Alizunguka vijijini akajifunza Kiswahili cha jukwaani, na mwaka 1961 akachapisha kitabu, The Tanganyika Way, juu ya njia ya nchi hii kuelekea uhuru.

Kwetu Kasulu jambo la mwanamke kukaa barazani halikuwa geni. Heru ilikuwa na Mwami Theresa Ntare, aliyeshika kiti cha enzi cha mababu zake, na yeye pia alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Tanganyika kuingia katika baraza la kutunga sheria. Bibi aliwaweka wawili hao pamoja katika mazungumzo yake, mtawala wa Kiha na mbunge wa Kihindi. Yeye mwenyewe hakujua kusoma Kiingereza wala Kiswahili, lakini alijua maana ya mambo hayo mawili.

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wabunge wengine walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alisimama kwa ukali, akawaambia kwamba kuchagua raia kwa rangi ni njia ya Hitler na ya Verwoerd wa Afrika Kusini, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali. Sheria ikapita bila ubaguzi wa rangi.

Lakini sheria ina hesabu zake. Aliyezaliwa Tanganyika, naye awe na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika, alikuwa raia papo hapo usiku wa tarehe 9 Desemba 1961. Wengine walipewa miaka miwili kuomba. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, nimelala, nikaamka raia. Baba yangu, mzaliwa wa Kasulu, hakuwa raia, kwa kuwa wazazi wake wote wawili walizaliwa India. Alilazimika kuomba. Mtoto alitangulia, baba akafuata, na babu na bibi wakaja nyuma. Katika nyumba yetu uraia uliingia kwa kupitia mlango wa watoto.

Miaka ile miwili ilizigawa nyumba nyingi za Wahindi. Wengine walichukua uraia kwa moyo, wengine kwa hesabu ya biashara, wengine walisita mpaka muda ukapita. Palikuwa na familia ambazo ndugu mmoja alichukua pasi ya Tanganyika na mwingine akabaki na ya Uingereza, ili likitokea la kutokea pawe na pa kukimbilia. Watu waliita hiyo akili. Wenyeji waliiona kuwa ni mguu mmoja ndani na mmoja nje, na siwezi kuwalaumu.

Shangazi yangu alibaki na pasi ya Uingereza. Hata hivyo mwaka 1968 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwazuia watu wa namna yake, wenye pasi yake lakini wasio na mzazi wala babu aliyezaliwa kule. Walitakiwa kungoja hati maalumu, zilizotolewa kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alihesabiwa kuwa mwanamume. Mume wa shangazi alikuwa na pasi ya India. Kwa hiyo mwenye pasi hakuweza kuomba kwa kuwa alikuwa mke wa mtu, na mwenye kaya hakuweza kuomba kwa kuwa hakuwa na pasi. Hivyo ndivyo mwanamke anavyoweza kuwa na nchi kwenye karatasi na mlango usimfungukie. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba Waasia wa Afrika Mashariki walikuwa wametendewa kwa namna ya kudhalilisha, kwa sababu ya rangi yao. Kwa shangazi uamuzi huo ulikuwa habari ya redioni tu. Hatimaye walihamia India, nchi ambayo hakuwa amepata kuiona, na barua zake kutoka huko alikuwa akiandika kwa Kiswahili.

Nyumbani nako mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali, na wenye nyumba hizo walikuwa Wahindi kwa wingi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku tisini. Mwaka huohuo Operesheni Kigoma iliwahamisha Waha vijijini. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Duka la babu lilikuwa la matofali mabichi, halikufikia thamani ya kuchukuliwa na mtu yeyote, lakini rafu zilibaki tupu. Familia nyingine za Kihindi ziliondoka moja baada ya nyingine, kwenda Kigoma, Dar es Salaam, Leicester, Toronto. Bibi alikataa. Alisema safari moja ya namna hiyo yamtosha mtu maisha yake yote. Alifariki Kasulu mwaka 1987 na kuzikwa hukohuko, na waliombeba walikuwa vijana wa Kiha.

Sophia Mustafa yeye aliondoka. Baada ya miaka mingi ya Tanzania alihamia Kanada, na huko uzeeni aliandika riwaya, In the Shadow of Kirinyaga, iliyotoka mwaka 2002, juu ya familia za Kihindi katika Kenya ya utoto wake. Alifariki mwaka 2005. Zamani nilijiuliza kama kuondoka kwake kulifuta yale ya mwaka 1958. Sasa naona sivyo. Mtu anaweza kuondoka katika nchi na bado akawa sehemu ya msingi wake.

Lililonifundisha zaidi lakini halikutoka kwa Wahindi wenzangu. Lilitoka kwa Waha. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, imo wilayani Kasulu. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, mtu wa Kigoma akisafiri mikoa mingine hushukiwa kuwa Mrundi. Nimekaa katika foleni ya kuomba kitambulisho pamoja na mwanamke ambaye mababu zake walilima milima hii kabla Mjerumani hajafika. Aliulizwa bibi yake alizaliwa wapi, nani shahidi, na mbona matamshi yake ni yale. Kisha zamu yangu ikafika, nikaulizwa maswali yaleyale. Tulipotoka nje alicheka, akanishika mkono, akasema: "Leo na wewe umekuwa Muha, dada."

Nilikwisha soma katika shule zilizochanganywa baada ya uhuru, nilikwisha pitia Jeshi la Kujenga Taifa, nilikwisha fundisha watoto wa nchi hii mpaka kustaafu. Hakuna kati ya hayo kilichonipa hisia niliyoipata kwa maneno yale. Hati ni lazima, na mwaka 2014 Tanzania ilipoanza kuwapa hati za uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972, nilijua hati hizo zina uzito gani, maana nilimwona baba akiifunga yake katika kitambaa na kuiweka chini ya godoro. Lakini hati humtoa mtu katika mashaka ya serikali tu. Majirani hutoa uraia wao, na hawana fomu. Huutoa kwa kukuhesabu katika misiba yao na katika taabu zao.

Basi anayetaka kujua kwetu hasa ni wapi, jibu ni hili. Bibi yangu alitoka Kutch, na silifichi jambo hilo wala silionei haya. Kachumbari na lugha yake vimo nyumbani mwangu mpaka leo. Lakini kutoka mahali si sawa na kuwa wa mahali. Ya kwanza huamuliwa na waliokuzaa. Ya pili huamuliwa na wale uliongoja nao barua, uliokosa nao sukari, na uliosimama nao katika foleni. Kwa hesabu hiyo mimi ni Mhindi wa Kasulu, na maneno hayo mawili hayagombani.