Kiangazi cha Njombe: Namna Maneno ya Pwani Yalivyozoea Baridi

Mwezi wa Mei 1983 nilimnyima mwanafunzi alama mbili, na hadi leo naona nilimdhulumu.

Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili, mzaliwa wa Bagamoyo, niliyetoka chuo cha ualimu na kupangiwa kazi Njombe mwezi wa Januari. Katika mtihani nilitoa swali jepesi: "Taja misimu minne ya mwaka na ueleze hali ya hewa ya kila mmoja." Jibu nililolitarajia ndilo nililokua nalo: kiangazi cha joto kuanzia Desemba, masika kuanzia Machi, kipupwe katika Juni na Julai, kisha vuli kuanzia Oktoba. Binti mmoja akataja misimu miwili tu. Masika, aliandika, huanza Novemba na kwisha Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba, na katikati ya kiangazi kuna baridi kali. Nikamtia kosa kwa wino mwekundu. Kiangazi chenye baridi! Nilipokuwa nikirudisha karatasi, alisema kwa adabu, "Mwalimu, hapa vuli haiji." Nikamwambia asome kitabu.

Mwili wangu ulikuwa umekwisha anza kujifunza yale ambayo kalamu yangu iliyakataa. Njombe imeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wiki za kwanza nilihema kila nilipopanda kilima kwenda darasani, midomo ikapasuka, na usiku nililala na sweta. Baadaye, bila mimi kufanya lolote, nikaacha kuhema. Katika nchi ya juu hewa ni nyepesi. Figo huhisi upungufu wa oksijeni, nazo hutoa homoni inayouhimiza uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu. Desemba niliporudi Bagamoyo kwa likizo, nilitota jasho kama mgeni, mama akanicheka, "Umekuwa mtu wa bara, mwanangu." Joto nalo lina mafunzo yake: kwa muda wa wiki moja hadi mbili mwili huanza kutoa jasho mapema zaidi, na jasho lenyewe hupungua chumvi.

Mwili hauhitaji kitabu ili uzoee hali ya hewa. Je, lugha?

Misimu ya Waswahili ilipangwa na bahari. Kaskazi ilipovuma, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Machi, majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilipoingia, yalipata upepo wa kuyarudisha kwao. Nahodha aliyekosea miezi hiyo alikwama bandarini hadi upepo ugeuke. Ndiyo maana pande mbili za dunia tunaziita kwa jua, na mbili kwa upepo: mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu ya macheo na machweo, ilhali kaskazini na kusini ni kaskazi na kusi zilizoongezewa kiambishi cha mahali. Mtoto wa Njombe ambaye hajapata kuona tanga husema "kusini" kila siku, naye hutaja upepo wa baharini bila kujua.

Katika karne ya 19 lugha hii ilipanda bara pamoja na misafara ya biashara, ikafika Tabora na Ujiji. Huko ilikuta mbingu nyingine. Kanda ya pwani ya kaskazini hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Magharibi na nyanda za juu kusini hupata msimu mmoja mrefu wa mvua. Wenyeji hawakuitisha mkutano. Walilichukua neno masika wakalinyoosha lienee msimu wote wa mvua, wengine wakasema kifuku. Kiangazi wakakipa miezi yote mikavu, yenye baridi na yenye joto. Vuli ikakosa kazi. Wala hilo halikuwa jambo geni katika Kiswahili: barafu asili yake ni Kiajemi, na huko barf ni theluji. Lilipofika kwetu lilibadili maana, likawa maji yaliyoganda.

Kisha ukaja usanifishaji. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Silaumu uchaguzi huo. Bila huo nisingeweza kufundisha Njombe wala kusomeka leo. Lakini pamoja na sarufi ya Unguja tulisanifisha na anga ya Unguja. Miezi ya kisiwa iliingia kamusini na vitabuni, nasi walimu tukaisambaza milimani kana kwamba ni kanuni ya ngeli.

Julai ile niliamka alfajiri nikaenda kwenye bustani yangu nyuma ya nyumba. Umande ulikuwa umeganda, majani ya viazi yameungua, meusi. Nikatazama juu: hapakuwa na wingu hata moja. Ndipo nilipoelewa. Kiangazi ni ndugu wa anga na angaza. Ni wakati wa mbingu nyeupe. Kwetu Bagamoyo mbingu isiyo na wingu huliachia jua lituchome mchana. Njombe, mbingu hiyo hiyo huliachia joto la ardhi lipotee usiku hadi umande ugande. Binti yule alikuwa karibu zaidi na shina la neno kuliko mimi na kitabu changu.

Sikurekebisha alama zake. Ripoti zilikuwa zimekwisha kwenda kwa wazazi, nami niliona haya kukiri kosa mbele ya darasa. Miaka iliyofuata niliandika swali upya: "Taja misimu ya mahali unapoishi."

Kwa hiyo, enyi washairi, mkikutana na shairi kutoka Njombe au Makete ambamo kiangazi kinatetemesha meno, msilitilie mashaka wala msimwelekeze mtunzi kwenye kamusi. Mwulizeni kwanza anakaa wapi.