Ndugu wa Uamsho na Desturi ya Kunena Huzuni Waziwazi

Mwezi wa Septemba, 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana tabibu Mwingereza Joe Church, aliyetoka katika hospitali ya Gahini, Rwanda, hali amechoka mwili na roho kwa sababu ya njaa kuu, na Simeoni Nsibambi, Mganda mcha Mungu mwenye shauku kubwa ya kumjua Roho Mtakatifu. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba, na miaka michache baadaye ukawaka Uamsho ulioenea hata Kenya na Tanganyika.

Jambo lililowashangaza wamisionari wengi, na baadhi yao likawachukiza, ni ile desturi ya ndugu wa Uamsho kukusanyika na kunena waziwazi, mbele ya mkubwa na mdogo, dhambi zao, huzuni zao na hofu zao, ilhali ada za wazee zilimtaka mtu mzima asitiri aibu yake. Aliyelia hakukaripiwa, aliimbiwa wimbo wa sifa kwa Kiganda, hata na wasioijua lugha hiyo, akakumbatiwa.

Thamani ya desturi hiyo, kwa maoni yangu, ilidhihirika Kenya baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba, 1952, ndugu wengi Wakikuyu walipokataa kiapo cha Mau Mau, waliopigana na serikali ya kikoloni, na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali, hata wakashukiwa na pande zote mbili. Wengine walipigwa, wengine wakauawa. Waliosalia waliendelea kukutana, wakiikiri hofu yao bila kuificha, na kuwaombea hata waliowadhulumu.