Upweke wa Mgeni Katika Mji wa Mbali

Wako watu wasemao kwamba mgeni akienda kukaa katika mji ulio mbali, mahali asipo na ndugu wala jamaa, hana budi kushikwa na upweke. Na wako wengine wajibuo kwamba upweke hauna haja ya umbali, maana mtu aweza kuwa peke yake hata katikati ya soko. Neno hili si la kubishaniwa barazani tu. Nchi yetu ya Ngara iko zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, na wageni wameijia mara nyingi wakitafuta mahali pa kulala. Nao watu wetu wametoka mara nyingi wakawa wageni kwa wengine. Basi sisi wa Murukulazo na Rulenge, pamoja na jirani zetu wa Biharamulo, tunao ushahidi wetu wenyewe katika jambo hili, wala hatuna haja ya kuuazima kwa watu wa ng'ambo.

Tuanze na safari za wazee wetu. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, kodi ilipodaiwa kwa fedha na nguo za dukani zikapendwa, wanaume wa Bugufi na Bushubi, pamoja na wenzao wa Ruanda na Urundi, walishika njia kwenda Buganda kulima mashamba ya pamba na kahawa. Walikwenda kwa miguu, na wengi wa upande wetu walipita Bukoba, wakavuka mto Kagera kwa kivuko cha Kyaka, hata wakatokea Masaka. Huko waliitwa wapakasi. Mwenyeji hakujisumbua kuuliza kama huyu ni Mhangaza na yule ni Mshubi. Kwake wote walikuwa Wanyarwanda au Warundi, basi. Hapana shaka walidharauliwa. Lakini mwajiri alikuwa akimpa mgeni kibanda na mahali pa kulima chakula chake, na mgeni aliyetaka kukaa aliweza kupata kibanja kwa mwenye ardhi, akatoa ada yake, akahesabiwa mtu wa kijiji kile. Bi. Audrey Richards na wenzake walizichunguza habari hizi, na kitabu chao kikapigwa chapa mwaka 1954. Walionyesha jinsi wageni wengi walivyojifunza Kiganda, wakatwaa na majina ya Kiganda, na wengine wasirudi kwao kabisa.

Katika kusimulia safari zile tumezoea kumhurumia mwanamume aliyekwenda. Mimi nadhani sehemu kubwa ya upweke wake aliiacha nyumbani, kwa mkewe, aliyebaki na shamba, na watoto, na njia tupu ya kutazama.

Halafu zamu ikageuka, na sisi tukawa wenyeji. Tangu mwaka 1959, machafuko yalipotokea Rwanda, Watutsi wengi walikimbia, na wengine wakaingia Karagwe na Ngara. Katika miaka ya kwanza ya uhuru wetu Serikali iliwatengea makazi huko Muyenzi, katika wilaya ya Ngara, wakapewa ardhi na majembe. Inasimuliwa kwamba mwanzoni wengi wao hawakutaka kulima. Sababu haikuwa uvivu. Walidhani kwamba mtu apandaye migomba katika nchi ya kigeni amekwisha kukubali moyoni kuwa hatarudi kwao, na wao walikuwa wakitazamia kurudi upesi.

Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba shauri hili ni la zamani sana. Wayahudi walipochukuliwa Babeli, palikuwa na nabii mmoja, jina lake Hanania, aliyewaahidi watu kwamba baada ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama yalivyokuwa. Naye Yeremia aliwapelekea wahamishwa barua yenye habari nyingine kabisa: wajenge, walime, waoze watoto wao, na zaidi ya hayo wautakie amani mji uleule waliochukuliwa mateka. Barua hiyo ilikuwa chungu kuisoma. Lakini mtu akiifikiri vema ataona kwamba Yeremia hakuwaambia wavumilie upweke, bali aliwaonyesha mlango wa kutokea ndani yake. Nao watu wa Muyenzi, hatimaye, walifanya kama alivyoagiza, ijapokuwa polepole. Walilima, wakaoana na jirani, watoto wao wakasoma pamoja na wetu. Na mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere ikatoa uraia kwa Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa wakikaa katika nchi yetu.

Sasa tuje kwenye jambo lililoifanya Ngara ijulikane duniani. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais wa Rwanda iliangushwa, na mauaji ya Watutsi yakaanza. Katika siku za mwisho za mwezi ule, majeshi ya RPF yalipokaribia mpaka, umati mkubwa wa Wahutu ulivuka daraja la Rusumo. Kwa muda wa saa 24 tu, tarehe 28 na 29 Aprili, walihesabiwa kwa kukisia kuwa watu 250,000. Waliwekwa penye ziwa dogo, mahali palipokuwa kambi ya kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Jina la kampuni ile likawa jina la mji: Benaco. Baadaye zikaongezwa Lumasi, Musuhura, Kitali na nyingine. Wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya, na watu wakasema kwamba katika Tanzania hakuna mji uliozidi Benaco kwa watu isipokuwa Dar es Salaam. Mji wenyewe ulikuwa wa maturubai ya buluu, nao ulimea kama uyoga katika pori, mbali na kila mji mwingine.

Je, walikuwa wapweke? Mtu aliyetazama kutoka kilimani angecheka kuulizwa hivyo. Palikuwa na soko, vinyozi, washonaji, wauza pombe, makanisa ya maturubai yaliyojaa waimbaji. Tena wageni hawakutawanywa. Walikaa kwa mafungu kwa kufuata komini zao za Rwanda, hata mtu aliamka asubuhi akamsalimu jirani yuleyule aliyekuwa akimsalimu kwao. Na kama wangetaka kusema na sisi, lugha haikuwa kizuizi. Kihangaza ni ndugu ya Kirundi, na Kinyarwanda si mbali. Babu zetu wa Bugufi walikuwa chini ya wafalme wa Urundi kabla Wazungu hawajapiga mstari wa mpaka.

Lakini hapo ndipo penye fumbo. Kukaa kikomini kulimaanisha kwamba wakuu wa komini walikaa pia, na baadhi yao ndio walioongoza mauaji. Mnamo Juni 1994 watumishi wa misaada walitaka kumwondoa kambini mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komini ya Murambi. Umati ukazuka kwa fujo hata wazungu wale wakahofia maisha yao. (Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011.) Basi mfikirie mama wa kawaida aliyekaa chini ya watu kama hao. Akinong'ona kwamba ataka kurudi nyumbani, ataitwa msaliti. Amezungukwa na watu wanaolijua jina lake, na jina la baba yake, na kila neno alilosema, wala hapati hata mmoja wa kumfungulia moyo. Sijui upweke uliozidi huo. Wakuu wale walifanya kazi ya Hanania; waliahidi kwamba karibu watarudi kwa nguvu za silaha, na kwa ahadi ile waliwafunga watu wasirudi kwa amani wala wasikae kwa amani. Katika mwezi wa Mei, mizoga ya wanadamu ilikuwa ikichukuliwa na maji ya Kagera hata ziwa la Viktoria, nasi tuliona. Kila mtu wa Benaco alijua imetoka wapi, na hapakuwa na jukwaa la kulisema hilo.

Kulikuwa na upweke wa namna nyingine, wa watoto waliopotezana na wazazi njiani. Kwa ajili yao Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yaliandika majina na kupeleka ujumbe kutoka kambi hata kambi. Mwaka 1995 Mapadre Wajesuiti, kwa shirika lao la kuwahudumia wakimbizi, walianzisha Ngara redio iitwayo Kwizera, maana yake kutumaini. Mji wa maturubai ukapata sauti isiyokuwa ya wakuu wa komini, nalo si jambo dogo.

Wakati huohuo mlango mwingine ulikuwa wazi, mdogo, usioandikwa sana katika taarifa za wakubwa. Wageni walitoka kambini alfajiri wakaja vijijini kulima kwa kibarua. Walilipwa ndizi au fedha kidogo, nao walileta mahindi, maharage na mafuta ya posho yao kubadilishana. Hapo mtu aliingia uani kwa mtu, akapewa maji ya kunywa, akaulizwa habari za watoto. Nisiseme kwamba yote yalikuwa mema. Ujira wa vibarua wetu wenyewe ulishuka, miti ikaisha kwa kuni, ng'ombe na mbuzi wakaibwa, unyang'anyi wa bunduki ukaingia katika nchi ambayo zamani watu walilala bila hofu. Waalimu na wauguzi waliacha shule na zahanati wakafuata mishahara ya mashirika, hata watoto wa vijiji vingine wakakaa darasani bila wa kuwafundisha. Mwenyeji naye aweza kuachwa peke yake katika nchi yake. Neno hili wasimulizi wa Benaco wamelipita haraka mno.

Warundi waliokaa Lukole walionja namna hiyo ya maisha kwa muda mrefu zaidi. Walikuja baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993, na katika misiba iliyofuata, na kambi yao haikufungwa mpaka mwaka 2008. Walikatazwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini bila ruhusa, na shamba la kweli hawakuwa nalo. Bw. Simon Turner, Mdenmarki aliyekaa nao na kuwachunguza, ameandika kwamba wanaume walilalamika kuwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limekuwa mume bora kuliko wao, kwa kuwa ndilo linalowalisha wake zao. Msemo huo wachekesha mara ya kwanza tu. Mwanamume asiye na jembe lake hana la kumpa mkewe, wala la kumpa jirani. Na asiye na la kutoa, ziara zake hupungua.

Hivyo nikiulizwa kama ni umbali uliowatesa wageni wa Benaco na Lukole, nitajibu kwamba sivyo. Wazee wetu walikuwa mbali zaidi kule Buganda, katika lugha waliyolazimika kujifunza neno kwa neno. Lakini walipewa kibanja. Hawa walikuwa karibu sana na kwao, mwendo wa saa chache kwa miguu, katika lugha waliyoielewa. Lakini walizungushiwa amri upande mmoja na vitisho upande wa pili.

Mwisho wa Benaco ulikuja ghafula. Tarehe 31 Machi 1995 Serikali yetu ilikuwa imekwisha kufunga mpaka. Mwanzoni mwa Desemba 1996 ikatangazwa, kwa shauri moja na Shirika la Wakimbizi, kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwezi kwisha. Wakuu wa kambi wakawaongoza watu upande wa mashariki, kuikimbia Rwanda, wakafunga njia na vichaka kwa maelfu na maelfu, na magodoro vichwani. Askari wetu wakawageuza. Siku kwa siku msafara ulipita barabara ya Rusumo katika mvua, ukavuka daraja lilelile, karibu watu 500,000. Wengine walilia. Wengine, yasemwa, walitembea kwa kasi kama watu waliofunguliwa. Wazee waliosimama kando ya njia hawakujua waage au wanyamaze, maana katika msafara ule alikuwamo kibarua aliyewalimia migomba, na pengine aliyewaibia mbuzi.

Ningependa kukoma hapo, lakini habari za wageni wetu zina sura moja zaidi. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa katika mkoa wetu wa Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na kibali majuma mawili waondoke, na Septemba ikafuata operesheni iliyoitwa Kimbunga. Serikali ilisema yawatafuta wenye silaha na walioingia bila haki, nasi tuliokwisha kuonja unyang'anyi hatuwezi kusema hapakuwa na sababu. Lakini kati ya maelfu waliovushwa walikuwamo watu waliozaliwa huku, au waliokaa miaka makumi, wenye migomba, ng'ombe, wake wa Kitanzania na makaburi ya wazazi wao. Hao ndio waliofanya yote yaliyoandikwa katika barua ya Yeremia. Huko Rwanda wengi waliwekwa kwanza katika kambi ya Kiyanzi, wilaya ya Kirehe, si mbali na Rusumo, chini ya mahema, katika nchi waliyoambiwa kuwa ndiyo kwao. Na huku upande wetu jirani zao walibaki wakiulizana nani atavuna kahawa, na kwa nini siku ile askari walipouliza nyumba ya mgeni ni ipi, watu walionyesha kwa kidole.