Kompyuta Iliyosahau Shungimbili

Kisiwa cha Shungimbili hakina kijiji. Kipo kaskazini-magharibi ya Mafia, katika mkondo unaokitenga kisiwa kikuu na bara, nacho ni kidogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu. Kwa miaka mingi wavuvi walikwenda dago huko: waliezeka vibanda vya makuti, wakakausha samaki, wakakaa hadi upepo ugeuke, kisha wakarudi kwao. Mwaka 2007 kilitangazwa kuwa eneo tengefu chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na uvuvi ndani ya mipaka yake ukakoma kisheria. Leo wanaokitaja kwa wingi ni watalii wenye uwezo wa kukodi kisiwa kizima.

Sina ugomvi na uhifadhi. Matumbawe ya Mafia yalipigwa baruti vya kutosha. Swali langu ni la mwanahistoria: kabla ya 2007 nani alikuwa akivua pale, kwa vyombo vingapi, kwa nyavu gani, miezi ipi? Vijana wa kikundi kimoja cha usimamizi wa rasilimali za pwani waliniuliza hivyo hivyo, ila wao hawakuuliza kwa udadisi wa kitaaluma. Wanapokaa mezani na wakubwa kuzungumzia mipaka na fidia, huambiwa walete ushahidi kwamba baba zao walikuwapo. Ushahidi wao ni kumbukumbu za wazee, na wazee wanakwisha.

Ndipo nikaelekezwa kwa karani mmoja mstaafu, Kilindoni. Katika miaka ya 1990 alikuwa akiandikia takwimu mradi mmoja wa utafiti wa bahari. Mradi ulipofunga virago, kompyuta yake iliachwa mikononi mwake, naye akaichukua nyumbani, akaifunika kwa kanga. Alisema madaftari ya awali yaliliwa na mchwa, lakini yote yaliyokuwamo aliyaingiza kwenye mashine, dago la Shungimbili likiwa na faili lake peke yake.

"Shida, mwanangu," alisema baada ya kuniitikia shikamoo, "mashine imekataa. Fundi amesema diski imekufa. Ametaka kuifuta aipange upya, nikamwambia niachie."

Nilishukuru kwa kukataa huko. Niliwasha kompyuta tukaisikiliza. Diski ilizunguka kwa mvumo wa kawaida, bila kugonga wala kukwaruza. Diski iliyokufa kwa maradhi ya vyuma vyake aghalabu hulia: kichwa chake hutafuta njia, hakioni, hurudi nyuma kwa mlio wa tak, tak, tak. Hii haikulia hivyo. Ila kiooni ulitokea ujumbe kwamba hakuna mfumo wa kuanzishia kazi. Nikaingiza disketi ya zamani ya kuanzishia, nikaiuliza mashine tarehe. Ikajibu: 1 Januari 1980.

Mzee alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana jibu lilikuwa limepatikana. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya AT mwaka 1984, mashine za ukoo huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, inayolishwa na betri hata umeme ukizimwa. Humo hutunzwa saa, tarehe na maelezo ya diski iliyofungwa ndani. Betri ikifa, mashine husahau vyote viwili. Mtu akiona diski haisomeki hudhani diski ndiyo mgonjwa, kumbe diski ni nzima na aliyepoteza fahamu ni mwenyeji wake.

Kwenye kiosk cha kutengenezea saa tulipata betri bapa, mfano wa sarafu. Tulizima umeme, tukaibadilisha, tukachomoa waya bapa wa diski, tukafuta ukungu wa chumvi kwenye pini zake (hewa ya bahari haina huruma na shaba) na kuurudisha. Tarehe ilishika. Diski bado haikusomeka.

Hapa ndipo fundi wa kwanza alipokata tamaa, na kwa haki yake niseme kwamba palikuwa na mtego. Diski za wakati ule zilihesabiwa kwa silinda, vichwa na sekta. Programu ya msingi ya mashine, ikihesabu kwa njia ya kawaida, haikuweza kuvuka silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63; kila sekta ikiwa na baiti 512, jumla yake ni baiti 528,482,304, basi. Diski kubwa kuliko hiyo ilihitaji njia nyingine, ya kuzipa sekta zote namba moja moja kwa mfululizo na kuzitafsiri. Kibandiko cha diski ya mzee kilionyesha zaidi ya bilioni moja. Mashine iliyosahau ilikuwa imerudia hesabu ya kawaida, kwa hiyo ikawa kama tarishi aliyepewa barua sahihi na mtaa uliobadilishwa namba za nyumba. Barua zote zipo, milango yote ipo, na hakuna inayofika. Nilibadilisha njia ya kuhesabu, nikawasha upya. Majina ya mafaili yakashuka kiooni moja baada ya jingine, na mzee akavuta kiti karibu.

Kama diski ile ingefutwa ili "ipangwe upya", dago la Shungimbili lingetoweka, na sababu ingekuwa betri.

Niliporudi kitandani usiku ule nilifikiria mwaka 1974. Wasomaji wangu vijana huenda hawajui kwamba Tanzania iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Serikali ilikuwa miongoni mwa za mwanzo katika ukanda huu kutumia mashine hizo. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta liliharibika vibaya, na mwaka 1974 mlango ukafungwa. Siwakejeli waliofanya uamuzi ule. Bei ya mafuta ilikuwa imepaa mwaka mmoja nyuma, mvua zilikuwa zimekataa, fedha za kigeni zilikuwa za kuokotezwa. Hata hivyo, nikitazama kwa jicho la fundi, naona mashine ilihukumiwa kabla ya waya kukaguliwa. Waliofunzwa kuiendesha walikuwa wachache, na taratibu za kuingiza na kuhakiki takwimu zilikuwa changa. Hayo hayakutibiwa na marufuku.

Marufuku ilipolegezwa, kompyuta nyingi ziliingia kupitia mlango wa uani, yaani miradi ya wafadhili. Hili ndilo ninalotaka watumishi wa umma wanaonisoma walitazame kwa makini. Barua ya karatasi ilipofika ofisini ilipitia masijala. Ilipewa namba ya jalada, na jalada likawa na mwenyewe hata bwana shauri akihamishwa mara kumi. Kompyuta ya mradi haikuijua masijala. Ilikuja na umri wa miaka mitatu, na umri ule ulipokwisha, kilichokuwamo kilibaki mali ya aliyeikumbuka. Sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano tuliipata mwaka 2003. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inahesabu kuwa kumbukumbu ni taarifa iliyohifadhiwa kwa namna yoyote, si karatasi pekee. Maneno hayo ni mazuri, lakini mashine ya Kilindoni ilikuwa imeshafunikwa kanga.

Oscar Baumann, Mwaustria aliyetembelea Mafia enzi za Wajerumani, alichapisha kitabu chake kuhusu kisiwa hicho mwaka 1896. Kinasomeka leo kwa yeyote ajuaye Kijerumani, bila betri. Takwimu za vyombo vyetu wenyewe, zilizokusanywa na Mtanzania miaka mia moja baadaye, zilinigharimu siku mbili na bisibisi.

Ilibaki kazi ya kuyatoa mafaili. Mashine haikuwa na tundu la vifaa vya siku hizi. Njia pekee ilikuwa disketi. Kiendeshi cha disketi nacho kilikuwa kimepata vumbi na kutu kidogo. Nilisafisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti, tukanakili disketi nne. Nilizipeleka Dar es Salaam, nikazisoma kwa kiendeshi cha kuchomeka. Tatu zilifunguka. Ya nne, yenye faili la Shungimbili, ilikataa katakata.

Sababu yake naifahamu. Vichwa vya kiendeshi kikuukuu vikiteleza kidogo kutoka mahali pake, huandika mistari iliyopinda kwa kiasi kile kile. Chenyewe hujisoma vizuri kwa sababu kimepinda pamoja na maandishi yake. Kiendeshi kilichonyooka hakiambulii kitu. Disketi ile itasomeka Kilindoni tu. Inanipasa kurudi na kiunganishi cha kuisoma diski yenyewe moja kwa moja, kitu ambacho ningekibeba tangu mwanzo kama ningejua.

Nilimpigia simu mzee kumwomba asiiwashe mashine hadi nifike, akanijibu kwamba nimechelewa kumwambia. Alikwisha kununua kaunta buku mbili, na kila asubuhi umeme ukiwapo hufungua faili na kunakili kwa kalamu: tarehe, chombo, nahodha, nyavu, kilo. Amefika ukurasa wa 41. Alinisomea mstari mmoja kwa simu, akasita kwenye jina la nahodha.

"Huyu mwanawe yupo hapa gatini," akasema. "Ngoja nimwite aone."