Safu ya lugha: Fundi

Kisangani, kijana anayeshinda gereji akikabidhi spana na kuosha minyororo ya pikipiki humwita mwenye gereji "fundi". Mara nyingi yeye mwenyewe hana jina. Ni "mtoto wa gereji" tu, hata baada ya kukaa humo miaka mingi.

Tulisikilize neno lenyewe. Fundi limetokana na kitenzi *funda*, yaani kumtia mtu elimu. Ndiko yalikotoka maneno *funza*, *fundisha*, *mafunzo* na *mwanafunzi*. Kwa asili yake, basi, fundi hatengani na mafunzo: naye alifundwa, na anatarajiwa kufunda.

Huyo anayefundwa kazini Kiswahili kinamwita *mwanagenzi*, na hali yake ni *uanagenzi*. Tanzania na Kenya neno hilo limeingia katika mipango ya serikali. Kwetu bado halijazoeleka, ingawa Kanuni ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inautambua mkataba wa namna hiyo na kutaka uandikwe. Tuna pia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964.

Jina ni mlango wa haki. "Mtoto wa gereji" anaweza kutumwa sigara mchana kutwa. Mwanagenzi aliyeandikishwa ana muda wa kuanza na wa kumaliza, ana stadi alizoahidiwa, na mwishoni ana karatasi ya kuonyesha popote aendapo.

Tuwaite wanagenzi, kisha tuwaandikie mkataba.